Buti za Mukendi na Karti Aliyoivaa Kapenda

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Nawasalimu ninyi mlio mbele, na nawasalimu zaidi ninyi mliokaa karibu na mlango. Ninawajua. Hapo ndipo nilipokuwa nikikaa mimi kwa miaka mingi, nikimtazama kila anayesimama kutoa ushuhuda na kujiuliza: huyu anataka nini? Anataka kuwa shemasi? Anatafuta mke? Basi leo nimesimama mimi, na mkinishuku mna haki. Naomba tu mnisikilize mpaka mwisho.

Naitwa Ilunga. Wengi mnaniita Tata Ilunga wa beto, kwa sababu kazi yangu ni kumwaga zege: misingi ya mashine, sakafu za depo, majukwaa ya kuwekea matangi ya maji. Nilizaliwa kaskazini mwa Katanga, nikaja Kolwezi nikiwa kijana na mwiko mmoja mkononi. Mungu alinipa kazi, akanipa mashine ya kuchanganyia, akanipa watu. Kitu kimoja tu sikuwa nacho. Sikuwa na mtu niliyemwamini.

Nilikuwa nachomeka kijiti ndani ya kila mfuko wa simenti nione kama muuzaji hajachanganya majivu. Mlinzi nilimwekea mlinzi. Mke wangu akiniletea bukari na mboga ya sombe, nilisubiri aonje yeye kwanza, na yule mama alikuwa ameshanizalia watoto watano. Alicheka, lakini sasa najua kwamba hakikuwa kicheko cha furaha. Mama, umekaa pale, nisamehe tena mbele ya watu.

Sasa niwaeleze dhambi yenyewe, maana si kila mtu hapa anafanya kazi ya zege. Sheria inasema mwenye kampuni amtangaze kila mfanyakazi wake kwenye mfuko wa bima ya aksida, yaani ajali za kazini. Kila mmoja anapewa karti yenye jina na namba. Akianguka kazini, mfuko unagharamia hospitali na kusaidia nyumba yake mpaka apone. Ni jambo jema. Lakini mimi nilishuku mfuko huo utakula michango yangu na kunicheka. Kwa hiyo nilitangaza watu sita, na kazini nilikuwa na watu ishirini.

Wale kumi na wanne walifanyaje kupita kwenye mageti ya kampuni kubwa, ambako bila karti huingii? Walivaa karti. Ndivyo tulivyosema sisi watu wa zege, kuvaa karti, kama mtu anavyovaa koti la kaka yake. Picha zilikuwa zimeshaliwa na simenti, hakuna mlinzi aliyeweza kutambua sura. Asubuhi niliita majina yaliyo kwenye karti, na kila mtu aliitikia jina alilolivaa siku ile. Tulikuwa tukicheka. Makampuni mengine ya zege yalifanya hivyohivyo, na nilijiona mjanja kuliko wote.

Kapita wangu, msimamizi wa watu kazini, aliitwa Mukendi, mtu ambaye ukoo wake ni wa mkoa wa Kasai lakini yeye alizaliwa hapa hapa, nyuma ya reli. Alikuwa mtu wa maneno machache na jicho la kipimo. Akisema ukuta umeinama, umeinama. Miaka tisa nilifanya naye kazi na miaka tisa nilimshuku, kwa sababu sikuwahi kumkamata na kosa. Nilijiambia kwamba mwizi asiyekamatwa ndiye mwizi mkubwa. Mnaona kichwa nilichokuwa nacho!

Tukapata kazi upande wa Kingamyambo, kumwaga jukwaa la tangi la maji, juu kama watu wawili waliopandana mabegani. Wiki ile akaja Kapenda kuomba kazi, mtu wa Mutshatsha, aliyekuwa akichoma makaa huko kabla wanunuzi hawajapungua. Kwenye geti walidai karti, na walidai pia buti za kazini. Kapenda hakuwa na karti wala buti. Nikamwambia Mukendi ampe vyake, kwa sababu Mukendi alijulikana kwenye geti lile na angepita bila karti na kwa viatu vyovyote. Mukendi akavua buti zake, akampa na karti, akavaa ndala.

Siku ya pili Kapenda alimwuliza Mukendi swali, nami nilikuwa nyuma ya mashine nikisikiliza, kama kawaida yangu.

"Sasa kapita, mutu akianguka, asiransi inalipaka?"

Ndugu zangu, swali lile la bima liliingia moyoni mwangu kama msumari. Nikasema, huyu amekuja kuanguka. Nikamtazama siku nzima.

Siku iliyofuata, saa nne asubuhi, zege ikiwa bado mbichi, mbao za kofraji zilizoishikilia zilikatika upande mmoja na jukwaa likashuka. Kapenda alikuwa juu pamoja na toroli. Tulimtoa chini ya zege na mbao, mguu wa kulia umevunjika mahali pawili, uso wake wote mweupe wa simenti. Watu walikuwa wakilia. Na mimi, mtu wa Mungu wa kila Jumapili, macho yangu yalikwenda wapi? Yalikwenda pembeni, penye rundo la mchanga. Pale palikuwa na buti mbili zimepangwa vizuri, kisigino kwa kisigino. Nikajiambia: ameanza kwa kuvua buti. Mtu anayevua buti na kuzipanga anajua kwamba ataanguka.

Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu yangu. Kapenda alikuwa hajafika hospitali bado.

Hospitali walimkuta na karti mfukoni, wakaandika Mukendi. Mimi ningeweza kusahihisha. Badala yake nilichukua fomu ya kutangaza aksida nikaandika kwa mkono wangu kwamba aliyevunjika mguu ni Mukendi, kapita, mwenye namba fulani, nikatia sahihi na muhuri, na nakala moja nikaituma hospitali. Kama ningeandika Kapenda, mfuko ungeuliza Kapenda ni nani, halafu ungeuliza na wale wengine. Mukendi alinifuata mpaka ofisini.

"Patroni, mi niko muzima, niko nasimama hapa. Utaniandikaje ku lupitalo, ku kitanda ya Kapenda?"

"Nyamaza," nilimwambia. "Wewe na huyo rafiki yako, najua mulichopanga."

Alirudi kwenye kazi na ndala zake.

Sikwenda kumtembelea Kapenda hata mara moja. Nilisema sitampa nafasi ya kunililia. Buti zile, bila kujali kwamba ni za Mukendi, nilimtumia mke wake, anaitwa Mama Sharlote, pamoja na nguo zake, ili asije kudai kwamba nimemwibia mtu wake.

Halafu zikaja zile siku. Mnazikumbuka, sitazieleza sana. Kampuni kubwa ilikuwa imeanguka, mashine zimenyamaza moja baada ya nyingine, mishahara haifiki, na watu wenye njaa walitafuta wa kulaumu. Wakaambiwa wa kulaumu ni jirani. Wenye majina ya Kasai wakaambiwa warudi kwao, hata wale ambao kwao hawajawahi kupaona. Familia nzima zilikaa uwanjani pale stesheni zikingoja treni, na sufuria zao, na magodoro yao, na wagonjwa wao.

Vijana wakaanza kupita kwa wenye makampuni wakidai orodha za wafanyakazi. Walikuja kwangu mchana kweupe, watatu, mkubwa wao amevaa kofia nyekundu. Sasa sikilizeni hofu yangu. Jina la Ilunga liko pande zote mbili, liko kwetu kaskazini na liko Kasai. Nikashuku kwamba wamekuja kwa ajili yangu na orodha ni kisingizio. Nikafungua droo nikawapa karatasi ya bima yenye majina sita, la Mukendi likiwemo. Sikuombwa mara mbili. Nikajitetea moyoni: Mukendi ana akili, bila shaka ameshajificha.

Na kweli alikuwa amejificha. Mfanyabiashara mmoja Mwislamu, mwenye magari ya kupeleka unga Dilolo, alikuwa amemweka yeye na mke wake na watoto nyuma ya magunia yake. Hilo sikulijua bado.

Vijana walimtafuta Mukendi wa kwenye orodha, wakaambiwa Mukendi yuko hospitali, amevunjika mguu. Wakaenda. Kapenda aliwaambia jina lake, akawaambia kwao ni Mutshatsha, akawasemesha Kilunda, lugha ya kwao. Wakacheka wakasema leo kila mtu anatoka Mutshatsha, na kila aliyezaliwa Kolwezi anajua Kilunda. Wakaonyesha karatasi iliyoning'inia kwenye kitanda, fomu ya aksida. Sahihi yangu. Muhuri wangu. Wakambeba juu ya mlango uliong'olewa, mguu ukiwa ndani ya plasta, wakampeleka stesheni.

Siku iliyofuata, asubuhi, nilisikia hodi. Nilichungulia kwanza kwenye tundu la dirisha, kama kawaida. Alikuwa Mama Sharlote, peke yake, na kitu kimefungwa ndani ya kitenge. Nikashuku kwamba ametumwa. Nikashuku kwamba nyuma ya ua wamejificha watu. Nilimwacha asimame juani mpaka mke wangu alipokuja akafungua mlango bila kuniuliza.

Yule mama alinieleza yote ya hospitali niliyowaeleza, akiwa amesimama. Halafu akafungua kitenge. Ndani mlikuwa na buti.

"Tata, hii buti ni ya tata Mukendi. Bwana yangu anasema nirudishe mbele ya treni kufika. Hakutaka aende na kitu ya mwenzake."

Nikamwuliza, na sauti yangu ilikuwa bado ya polisi: "Kwa nini alizivua siku ile? Kwa nini alizipanga?"

Akanishangaa. "Tata, ilikuwa ya kuazima. Beto inakulaka ngozi. Aliivua ili isiharibike. Alipanda miguu bule, bila viatu."

Niliwaambia kwamba swali lile liliingia kama msumari. Ndugu zangu, jibu hili liliung'oa, na ukitoka msumari ndipo damu inapotoka. Sikusikia sauti ya malaika. Sikuona mwanga. Nawaambia ukweli kwa sababu najua wengine mnapenda mwanga. Niliona buti tu. Mtu amelazwa uwanjani na mguu uliovunjika, anapelekwa nchi asiyoijua kwa jina lisilo lake, na anachohangaikia ni kurudisha buti za mwenzake. Na mimi kwa buti hizo hizo nilimhukumu.

Hapo nikakumbuka jambo ambalo nimewapita nalo tangu nianze kusema. Nililipita hata moyoni mwangu. Kofraji haikukatika bure. Siku moja kabla ya kumwaga, nilituma watu wachukue nguzo mbili za chini zilizoshikilia mbao zile, wazipeleke kwenye nyumba ya tajiri mmoja mjini ambako nilikuwa na kazi ya haraka. Mukendi hakuwepo saa ile. Nilijua jukwaa limepungukiwa. Nilimwaga zege hivyohivyo. Ni mimi niliyemwangusha Kapenda, na nilihitaji sana kwamba awe amejiangusha mwenyewe! Tangu ujana wangu, kila nilipomshuku mtu, nilikuwa namwangalia na kuona hila zangu mimi.

Nikapiga magoti pale pale barazani, mbele ya Mama Sharlote na mke wangu. Nikasema, Bwana, mimi ndiye mwizi niliyekuwa nikimvizia. Nitoe humu. Sala yangu yote ilikuwa hiyo. Nilipoinuka nilikuwa bado naogopa, msidhani hofu iliondoka. Lakini kwa mara ya kwanza nilijua nani wa kumwogopa, na hakuwa mwanamke aliyesimama juani.

Nikachukua buti, tukaenda stesheni, sisi watatu.

Kapenda alikuwa amelala juu ya ule mlango, karibu na reli. Na kando yake, akimshikia chupa ya maji, alikuwa Mukendi. Mawazo yangu ya zamani yakaruka mara moja: ahaa, wamepanga. Yalikuwa mazoea tu. Mke wangu akanishika mkono.

Mukendi alikuwa amesikia huko kwenye magunia kwamba jina lake limelala stesheni na mguu uliovunjika. Angeweza kukaa kimya. Kwenye orodha ya vijana jina lake lilikuwa limeshafutwa, Mukendi amepatikana, mambo yamekwisha. Ni watu wangapi siku zile waliomwomba Mungu jina lao lifutwe? Yeye alitoka akaenda stesheni akasema, Mukendi ni mimi, mwacheni huyu. Na hawakumwamini! Yule wa kofia nyekundu alikuwa bado anamcheka.

"Mukendi tuko naye hapa, na karatasi yake. Wewe ni Mukendi wa wapi? Unatafuta treni ya bule?"

Walikuwa na muhuri, naye alikuwa na mdomo tu. Mtu mmoja peke yake angeweza kuufuta muhuri ule, naye ni yule aliyeupiga.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipokwama. Niliona mambo mawili kwa pamoja. Nikinyamaza, Mukendi anabaki salama na uongo wangu unabaki salama, na Kapenda anakwenda kufa njiani. Nikisema, Kapenda anarudi nyumbani, na kwa kinywa changu Mukendi anapanda treni. Nilisimama pale na buti mkononi, nikatamani ardhi inimeze. Mukendi aliona. Miaka tisa alinisoma kama anavyosoma ukuta.

"Sema, patroni," aliniambia polepole. "Jina ni yangu. Mi mwenyewe nitaibeba."

Nikasema. Nilisema kwa sauti, mbele ya vijana na mbele ya watu wote wenye magodoro. Nikasema huyu aliyelala ni Kapenda wa Mutshatsha, karatasi hii niliiandika mimi na ni ya uongo, niliwatangaza watu sita na nikawafanyisha kazi ishirini, na nguzo za kofraji niliziondoa mimi.

Yule wa kofia nyekundu akanisogelea. "Basi wewe patroni ni mwongo."

"Ndiyo," nikasema.

"Na wewe Ilunga ni wa wapi?"

Lile ndilo swali nililoliogopa kuliko kifo. Nikamtajia kijiji changu, nikamtajia baba yangu, nikamwambia kama haamini nitakaa hapa hapa karibu na Mukendi mpaka atume mtu akaulize. Nikakaa chini. Sijui kwa nini nilikaa. Alinitazama, akatema mate pembeni, akarudisha ile fomu kifuani pangu.

"Beba mutu yako," akasema.

Kabla ya kumbeba Kapenda, niligeuza fomu ile nikaandika nyuma yake kwamba Mukendi amekuwa kapita wangu kwa miaka tisa, hana kosa, na mwenye kampuni yoyote ya zege atakayemchukua atapata mtu. Nikatia sahihi. Yalikuwa maneno ya kwanza ya kweli kwenye karatasi ile. Nilimpa, nikampa na buti. Aliketi juu ya reli akazivaa, akafunga kamba taratibu, kama anavyofanya kila asubuhi kazini. Mke wake na watoto walikuwa wameshafika na mizigo. Nilitaka kumwomba msamaha nikaishia kulia. Yeye ndiye aliyenishika bega kabla ya kupanda treni.

Kapenda tulimpeleka nyumbani kwangu. Nilikwenda mwenyewe kwenye ofisi ya mfuko wa bima nikakiri, wakanifuta na kampuni yangu, na walikuwa na haki. Kwa kuwa Kapenda hakuwa ametangazwa, hakupata kitu kwao. Basi mimi nikawa bima yake. Niliuza mashine ya kuchanganyia, tukachanganya zege kwa makoleo kwa muda mrefu, na mguu wake ukaungana. Umeungana vibaya kidogo, lakini umeungana.

Baadaye mfuko ulinikubali tena. Sasa watu wangu ni tisa tu na wote tisa wametangazwa. Asubuhi naita majina na kila mtu anaitikia lake. La kwanza kwenye daftari langu bado ni Mukendi. Naliita. Tunangoja kidogo, halafu naita la pili.

Msiniamini kwa neno langu tu. Kapenda amekaa benchi la tatu, upande wa akina baba, yule aliyenyoosha mguu. Mwulizeni mkitoka. Mwulizeni na mke wangu nani anaonja bukari siku hizi.

Na wewe uliyekaa karibu na mlango, uliyemshuku kila anayepiga hodi nyumbani kwako, sikuhukumu. Nakuomba kitu kimoja. Hodi ya kesho usiichungulie dirishani. Fungua. Mwamini Mungu kwa mlango mmoja tu, kisha uone.

Nashukuru kwa kunivumilia. Mungu aliyemtoa Kapenda uwanjani, akanitoa mimi ndani ya macho yangu mwenyewe, ndiye huyo huyo aliyeiona treni ile ikiondoka. Sijapata habari za Mukendi mpaka leo. Ninamwomba Mungu amlinde huko aliko, yeye na nyumba yake, na buti zile zisiwe zimechakaa bado. Amina.